Mahindi yanaita wasaidizi na sisi tunawaua njiani

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, kuna jambo linanikera kila msimu na mwaka huu naona limezidi. Ni huu ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo kwamba mahindi yakifika usawa wa magoti unaanza kupiga dawa kila baada ya siku saba, uone kiwavi usione kiwavi (nasema yule kiwavijeshi vamizi), we piga tu. Na watu wanaufuata kweli. Huku kwetu Kilosa jirani yangu mmoja aliuza mbuzi apate hela ya dawa, akachanganya mbili kwenye bomba moja kwa sababu muuzaji alimwambia hivo ndo inaua zaidi, na kiwavi bado alimkuta shambani. Mi nasema huu ushauri katoa mtu asiyejua mche wa mahindi unafanyaje kazi wala kiwavi anafanyaje kazi, na ndo maana naandika.

Wengi tunaona mahindi yamesimama tu pale yanasubiri kuliwa, kumbe mche wa mahindi unajua ukiliwa na unajibu. Hili limepimwa maabara na mashambani kwa zaidi ya miaka 30 sasa. Ukichukua wembe ukakwaruza jani, mche unatoa ile harufu ya majani mabichi tunayoisikia wote tukifyeka, inapita, imeisha. Lakini kiwavi akitafuna jani lilelile na mate yake yakaingia kwenye jeraha, ndani ya saa chache mche unaanza kutoa mchanganyiko mwingine kabisa wa harufu, tena hata majani ambayo hayajaguswa nayo yanatoa. Mwaka 1990 Ted Turlings na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kuna nyigu wadogo wanaofuata harufu hiyo mpaka wanamfikia kiwavi, alafu mwaka 1997 watafiti wa Florida wakaipata ile kemikali ya kwenye mate ya kiwavi inayousukuma mche kufanya hivyo, wakaiita volisitini. Yaani ukiipaka hiyo volisitini kwenye jeraha la wembe mche unatoa harufu ileile ya kuita, japo hakuna kiwavi hata mmoja. Kila nikilifikiria hili nashangaa upya, mmea hauna pua wala macho lakini unatofautisha wembe na mdomo wa mdudu!

Nyigu ninaowasema sio wale wa kwenye dari wanaouma watoto. Hawa ni wadogo sana, wengi hawazidi milimita chache, na mtu hawana habari naye. Jike anamchoma kiwavi na kumwekea mayai mwilini, mayai yakianguliwa watoto wanamla kiwavi kutokea ndani, wakimaliza wanatoka nje na kujifungia kwenye vifuko vyeupe. Ukipekua mahindi yako ukakuta vitu vyeupe kama punje za mchele vimejipanga kwenye kiwavi aliyenyong'onyea au kwenye jani pembeni yake, tafadhali sana usivitoe, hao ni wa kwako. Kuna wengine wadogo zaidi wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, kwaio kiwavi hazaliwi kabisa. Na wote wanategemea harufu, maana kiwavi kajificha ndani ya moyo wa mhindi katikati ya shamba la heka tatu nne, nyigu atamjuaje yuko mche gani bila huo mche wenyewe kumwambia?

Sasa njoo kwenye dawa. Kiwavi mkubwa yuko chini kwenye moyo, kajiziba juu na kinyesi chake mwenyewe, dawa haimfikii vizuri. Nyigu yeye anatembea juu ya jani, mchana, wazi, anatafuta. Dawa nyingi tunazopewa ni zile zinazoua kila mdudu anayezigusa. Kwaio kwenye shamba lililopigwa saa tano asubuhi anayeanza kufa ni yule aliyeitwa kuja kusaidia, na wiki inayofuata kiwavi aliyebaki hana wa kumsumbua, mkulima anaona wameongezeka, anarudi dukani. Mzunguko huo ndo umemfanya jirani yangu auze mbuzi.

Msinielewe vibaya, sijasema dawa isitumike kabisa. Nasema itumike kwa kumjua mdudu. Huyu kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika, aligundulika Afrika Magharibi mwaka 2016 na kwetu Tanzania akaripotiwa 2017, na huko kwao tayari ameshazoea dawa za aina nyingi kwa sababu ya kupigwa hovyo miaka na miaka. Nondo wake anatembea usiku, anataga mayai kwa mafungu ya mia moja mpaka mia mbili hivi, mara nyingi upande wa chini wa jani, na anayafunika kwa manyoya. Baada ya siku chache vinatoka vitoto vidogo sana vinakwangua jani bila kulitoboa, jani linabaki na ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, vingine vinashuka kwa uzi na upepo unavipeleka mche wa jirani. Hapo ndo pa kumkamata, yuko nje, ni mdogo, hata kwa mkono unamaliza fungu zima la mayai kwa kuliponda. Akishaingia kwenye moyo na kukua umechelewa, na wakiwa wakubwa wanakulana wenyewe kwa wenyewe ndo maana mche mmoja unamkuta mmoja au wawili tu. Miongozo iliyotolewa kwa wakulima wa Afrika inasema mahindi yakiwa bado machanga usifikirie dawa mpaka miche kama 20 kwenye kila 100 iwe imeshambuliwa, yakishakua ni kama 40, na yakishatoa mbelewele kwa mkulima mdogo haishauriwi kupiga kabisa. Hiyo ni hesabu ya kutembea shambani, kuhesabu, kuangalia, kalenda ya siku saba haiingii humo.

Na joto nalo lipo kwenye hii hesabu. Mdudu hana joto lake mwenyewe la mwili kama sisi, anakwenda na hali ya hewa, kwenye nyuzi 28 hivi kiwavi huyu anamaliza mzunguko wake toka yai mpaka nondo kwa kama siku 30, kwenye baridi anaweza kuchukua miezi miwili hata mitatu. Hana msimu wa kulala, kwaio kwetu huku ambako masika tunalima juu na kiangazi tunalima mabondeni yeye anahama tu na mahindi. Mwaka 2018 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science ukakadiria kwamba kila dunia ikiongezeka joto digrii moja hasara ya wadudu kwenye mahindi, mpunga na ngano itaongezeka asilimia 10 mpaka 25. Yaani tunakoelekea tutawahitaji hao nyigu kuliko leo.

Nije kwenye jambo ambalo kwa kweli linaniuma kuliko hayo yote, mbegu. Mwaka 2011 watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walitoa matokeo kuhusu mahindi ya asili ya Amerika ya Kilatini. Nondo wa funza wa mabua, mdudu mwingine huyo anayetoboa bua la mhindi, akitaga tu mayai kwenye jani, kabla hata funza hajazaliwa, kabla hakijatafunwa chochote, mche unaanza kutoa harufu ya kuwaita nyigu, wale wa mayai na wale wa funza pia ili wawepo funza atakapotoka. Baadaye wakajaribu mbegu za asili za wakulima wa Kenya magharibi, zile zinazoitwa Nyamula na Jowi, nazo zikaita. Mbegu ya kisasa ya hibridi waliyoijaribu pamoja nazo haikuita. Mayai yanawekwa na mche umekaa kimya.

Wala sio kwetu peke yetu. Kuna mdudu wa mizizi ya mahindi anayesumbua Marekani na Ulaya, mizizi ikitafunwa inatoa kemikali inaitwa karofilini inayovuta minyoo midogo ya udongoni wanaomuua huyo mdudu. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba mbegu nyingi za Amerika ya Kaskazini zimepoteza uwezo huo, wakati zile za Ulaya na babu wa mahindi kule porini bado wanao. Hakuna aliyekusudia. Mzalishaji wa mbegu alikuwa anatafuta gunzi kubwa na mavuno mengi, kwenye mashamba ambayo pengine yanapigwa dawa muda wote, nani angejua kwamba kuna kitu kimedondoka njiani? Ila sasa tunajua. Mwaka 2009 watafiti walirudisha uwezo ule kwenye mahindi kwa kutumia jeni ya mmea wa oregano na madhara ya mdudu wa mizizi yakapungua shambani, kwaio ni kitu kinachoweza kurudi, na sisi hata hatuhitaji kwenda mbali hivyo maana bibi zetu bado wana mbegu zimening'inizwa juu ya jiko zinafukizwa moshi. Kabla hazijaisha zipimwe. Sisemi watu waache hibridi, mi mwenyewe napanda hibridi kwa sababu mvua siku hizi hazieleweki na nataka inayokomaa mapema. Nasema uwezo wa kuita uwe ni sifa ya mbegu kama sifa nyingine.

Haohao wa Mbita, chini ya Profesa Zeyaur Khan na mwenzake John Pickett wa Rothamsted, ndo walioanzisha toka miaka ya 1990 kilimo cha sukuma vuta. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa, harufu yake inamfukuza nondo, na kuzunguka shamba unapanda majani ya malisho kama ya tembo au brakiaria ambayo yanamvuta aende akatage huko. Kinachonifurahisha hapa ni saa. Jua likizama, kwenye ile saa ya kwanza ya giza ambapo nondo wa funza wa mabua ndo anatafuta pa kutaga, majani ya tembo yanaongeza harufu yake kama mara mia hivi, mahindi hayafikii hapo hata kidogo. Nondo anakwenda huko, anataga, funza wanatoka wanakuta utomvu unaonata unaowanasa na wengi wanakufa. Mwaka 2018 wakatoa matokeo ya mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania waliotumia desmodiamu na brakiaria zinazovumilia ukame, kiwavijeshi vamizi alipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na shamba la mahindi peke yake. Na majani ya pembeni unakata unalisha ng'ombe. Shida kubwa ni mbegu ya desmodiamu, bei iko juu na kuipata ni kazi, na hapa ndo serikali na wadau wangeweka hela badala ya kuagiza chupa.

Kuna na adui mwingine ambaye yeye mwenyewe ni mmea, kiduha, gugu linaloshika mizizi ya mahindi na kuyanyonya. Wakulima wa Dodoma, Singida, Shinyanga na Tabora wanakijua vizuri, mahindi yanadumaa yanageuka njano ardhi ikiwa ina maji kabisa, alafu chini vinachomoza vimaua vizuri vya kupendeza, na watu wanasema shamba limerogwa. Mche mmoja wa kiduha unaweza kudondosha mbegu elfu hamsini mpaka laki mbili, mbegu kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Zinasubiri nini? Mvua peke yake haitoshi. Zinalowa, zinapata joto wiki moja au mbili, alafu zinasubiri kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele, inaitwa strigolaktoni. Ya kwanza ya aina hiyo ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba. Muda mrefu watu walijiuliza kwa nini mmea utoe kitu cha kumwamsha adui yake, mpaka mwaka 2005 watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba ile kemikali mmea unaitoa kuwaita ukungu wema wa udongoni, wale wanaoshikana na mizizi na kuiletea fosfeti, chakula cha mmea kilichomo kwenye udongo. Kiduha kimejifunza kusikiliza wito usiokihusu.

Na hapa ndo pa mkulima kupashika. Udongo ukiwa maskini, fosfeti ikiwa kidogo, mahindi yanaita ukungu kwa nguvu zaidi, yaani yanatoa strigolaktoni nyingi zaidi, na kiduha nacho kinaamka kwa wingi zaidi. Ndo maana shamba lililochoka linaliwa sana kuliko lenye samadi, hakuna mchawi hapo. Na ndo maana kung'oa kiduha kikishachanua kunazuia tu mbegu za mwakani, madhara ya mwaka huu yameshafanyika chini kabla hakijatokeza kichwa juu ya ardhi. Pamba mizizi yake inakiamsha lakini hakiwezi kuishi juu yake, kwaio kupokezana pamba na mahindi kunakipunguza, na desmodiamu inafanya zaidi ya hapo, mizizi yake inatoa vitu vinavyoamsha mbegu za kiduha na vingine vinavyokizuia kushika mzizi wa mahindi, kikishaamka bila pa kushika kinakufa ndani ya siku chache. Kila msimu akiba ya mbegu zake ardhini inapungua. Mtu anayelima shamba la hivyo bila kuambiwa haya, anayeambiwa tu nunua dawa, kwa kweli anaonewa.

Tanzania sisi sio wageni wa mambo haya mhariri. Kabla ya huyu vamizi tulikuwa na kiwavijeshi wetu wa siku zote, yule ambaye akiwa peke yake ni wa kijani anajificha, wakisongamana anakuwa mweusi na wanaandamana juani kutwa nzima wanamaliza malisho na mahindi. Wataalamu wa Tengeru, Arusha, waliweka mitego yenye harufu ya nondo jike ili kuhesabu madume na kujua mlipuko unakuja lini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapahapa Kilosa wanakijiji wenyewe walipewa mtego na kipima mvua, wakawa wanasoma na kutangazia wenzao. Wanakijiji, sio maprofesa. Waliweza. Kwaio mtu asiniambie kwamba mkulima hawezi kuelewa habari za harufu na mdudu, ameshazielewa miaka zaidi ya ishirini iliyopita.

Ombi langu kwenu gazetini, kabla ya masika mtuandikie mambo haya kwa lugha yetu, mkaongee na mabwana shamba na watafiti, sio kila msimu habari ni moja tu ya mkuu wa wilaya kagawa dawa. Kwa mabwana shamba, mtufundishe kukagua kwanza, mtu atembee shamba asubuhi mapema kwa mstari wa kukunja-kunja asimame sehemu tano, kila sehemu aangalie miche 20, aandike. Akilazimika kupiga basi apige asubuhi sana au jioni, kwenye moyo wa mche, na dawa isiyoua kila kitu kama zile za vimelea vya bakteria au mwarobaini, na pembezoni aache magugu yanayochanua kidogo maana hao nyigu wakishakomaa wanahitaji chakula, wanakula maji matamu ya maua.

Na kwa taasisi zinazotoa mbegu mpya, kwenye mfuko wa mbegu mnatuandikia siku za kukomaa, magunia kwa heka, ukanda unaofaa na ugonjwa inaovumilia. Chukueni mbegu zenu zote zilizopo sokoni mzipime kama zinaita nyigu mayai yakitagwa, pimeni na zile za bibi zetu kutoka kila mkoa, alafu matokeo yaandikwe palepale kwenye mfuko, tukienda dukani tuchague tukijua.

Mkulima wa mahindi na mbaazi,
Kilosa, Morogoro